Kunywa Kahawa Yako, Mheshimiwa

Muhannad aliingia dukani kwangu akiwa amevaa suti ya kampeni, nami nikajua papo hapo kwamba kuna jambo baya. Siku za kawaida alikuwa akija na shati lililokunjwa mikono, ananuka dizeli ya jenereta zake. Siku hiyo alinukia manukato, akaenda kusimama kwenye rafu ya dawa za watoto akijifanya anasoma maboksi. Mtu mzima, wakili, mgombea wa baraza la mkoa, anasoma maelekezo ya dawa ya minyoo.

"Una minyoo?" nikamuuliza.

Hakucheka. Aligeuka akanitazama kwa macho yale yaliyonipotezea usingizi tangu nikiwa msichana niliyetoka chuoni juzi, macho meusi yenye kope ndefu ambazo mwanamume hakupaswa kupewa. Nikajikuta nimeacha kupanga vidonge.

"Sundus," akasema, "nimefanya kosa."

Mji mzima wa Samawa ulikuwa unamjua Muhannad wakati ule. Uso wake ulikuwa umebandikwa kwenye kuta za shule, kwenye nguzo za umeme usiofika, hadi kwenye mlango wa machinjio, na chini yake maandishi mekundu: Wakili wa Haki Yako. Haki yangu mimi ilikuwa bado iko kwenye foleni. Nilimpenda akiwa wakili asiye na wateja, anashinda na mkate wa falafeli mmoja, anakuja kwangu kununua dawa ya tumbo na kukaa mpaka baba anatuma mtu kuuliza kwa nini sijafunga. Akasema, nikipata wateja tu, naleta wazee kwenu. Akapata wateja. Akasema, mke wa wakili hali mafaili ya kesi, ngoja nisimamishe biashara. Akanunua jenereta moja, kisha nyingine, akawa anauza umeme mtaa kwa mtaa, mpaka ikafika mahali nusu ya mji wanawasha feni kwa nyaya zake. Zikafuata zabuni za barabara. Halafu wakaja watu wakamwambia ana sura ya baraza, naye akaenda kujitazama kwenye kioo akaona kweli. Akasema, uchaguzi ukipita tu.

Mama yake na dada zake walikuwa wamekwisha kuja kwetu, tende zikiwa bado mbichi. Wakala klecha za mama, vile vibiskuti vya tende, wakanikagua meno na vidole, wakasema, huyu ni wetu, wanaume watakuja baada ya uchaguzi. Baba akakubali kusubiri. Lakini kwetu, posa ambayo wanaume hawajaileta sebuleni haihesabiki. Ni maneno ya jikoni tu.

"Funga mlango kidogo," Muhannad akasema.

"Nifunge mlango nikiwa na mwanamume ndani, katika mji huu? Sema hapo hapo ulipo. Na ubaki upande wako wa kaunta."

"Sheikh Dakhil alikuja ofisini kwangu."

"Mtaa mzima unajua. Wanasema magari yake yalifika hadi darajani. Hongera, umepata kura za ukoo mzima."

"Alikuja na wazee wake. Wakamiminiwa kahawa." Akafuta paji la uso. "Sheikh akapokea kikombe, akakiweka chini."

Mgeni akiweka kikombe chini bila kunywa, ana haja, na hatainywa kahawa ile mpaka mwenyeji amemkubalia. Na mwenyeji anayetaka kuitwa mkarimu hamuulizi ni haja gani. Anasema, kunywa kahawa yako, imekubaliwa, kisha ndipo anaisikia. Wanaume wetu wamegawa ngamia na mashamba kwa namna hiyo, wamesamehe hata damu ya ndugu zao, nao wanajisifia.

"Ukamwambia anywe," nikasema.

"Wazee wote walikuwa wananitazama, Sundus! Ningemuuliza 'unataka nini' kama muuza duka?"

"Mimi ni muuza duka."

"Nilidhani anataka transfoma. Wallahi nilidhani transfoma. Kijiji chao kiko gizani tangu mwaka jana."

"Kumbe alitaka nini?"

"Anataka niwe mshenga. Niongoze ujumbe wa posa ya mwanawe Thamir."

Nikapumua. Nilikuwa nimeshafikiria mambo ya kuuana. "Basi kaongoze. Thamir ni mtu mzuri. Anakuja hapa kuchukua insulini ya mama yake, hata macho hanyanyui."

Muhannad alirudisha boksi la dawa ya minyoo kwenye rafu.

"Kumbe huwa anayanyanyua," akasema.

Sikupiga kelele. Nilishika ukingo wa kaunta. Nilifungua mdomo nimwambie lile lililostahili kusemwa, na ndipo Hajati Fadhila akaingia, amejifunga abaya yake, anakohoa makusudi ili nijue anataka dawa gani.

"Ile ya kikohozi, binti yangu, ya chupa ya kahawia." Akamgeukia Muhannad, akamkagua kutoka viatu hadi utosi. "Wewe si ndiye yule wa ukutani? Mbona kule una nywele nyingi?"

"Karibu, hajati," Muhannad akasema.

"Nimeshakaribia. Jenereta yako ilizima jana mchana kutwa, nyama yangu imeoza kwenye friji. Nimempa paka, paka naye kaikataa."

"Nitashughulikia, hajati, inshallah."

"Lini?"

"Baada ya uchaguzi."

Hapo nilicheka. Nilicheka mpaka Hajati Fadhila akaniangalia kwa wasiwasi, akaniuliza kama na mimi nina homa. Nikampa chupa yake, nikamsindikiza hadi mlangoni, nikarudi.

"Mwambie sheikh nimeshaposwa," nikasema. "Mwambie ni wewe."

"Neno limeshatoka mbele ya wazee. Nikilirudisha, sitapata kura wala salamu ya mtu katika mkoa huu."

"Kwa hiyo utakuja kwa baba yangu. Utaketi kwenye takia la mbele. Utaniomba. Kwa ajili ya mwanamume mwingine."

"Baba yako akatae, basi. Ana haki ya kukataa."

"Baba yangu!" Sasa sauti ilinitoka. "Mwalimu mstaafu, mtu wa ndara na redio yake, awarudishe watu wa Sheikh Dakhil mlangoni kwake? Wewe mwenye suti na picha kila ukuta unaogopa, halafu yeye ndiye awe shujaa kwa niaba yako?"

"Usiseme hivyo."

"Nimesubiri kesi zako. Nimesubiri jenereta zako, nimesubiri barabara zako za lami. Wenzangu niliosoma nao wanaleta watoto wao hapa kununua dawa ya meno yanayoota, wananiuliza, Sundus, wewe vipi? Nawaambia hivi karibuni. Na leo umekuja kuniambia kwamba hiyo karibuni umempa mtu kwa kikombe cha kahawa."

Alikuwa ameinamisha kichwa. Ningependa kusema nilimchukia saa ile, lakini nilikuwa naona mvi mbili tatu zilizoanza nyuma ya sikio lake, nikatamani kuzigusa. Mapenzi hayana aibu hata kidogo.

"Nitakunywa," akasema ghafla.

"Utakunywa nini?"

Akainua uso, na ulikuwa uso wa zamani, wa wakili wa mkate wa falafeli aliyepata hoja. "Kahawa. Sikiliza. Tukifika kwenu tutaweka vikombe chini, si ndiyo? Mshenga akinywa kabla ya kujibiwa, amelifuta ombi kwa mdomo wake mwenyewe. Imekwisha. Unakumbuka yule mzee wa Rumaitha? Alikuwa na kiu tu, maskini, kavuka jua lote lile. Akanywa, posa ikafa palepale."

"Wanamcheka mpaka leo."

"Na mimi wanicheke! Watasema wakili wa mjini hajui hata kushika kikombe. Lakini hakuna atakayesema nilikataa kwenda. Nitakuwa nimekwenda, nimesema, nimekosea. Sheikh atanuna wiki moja, baba yako hatalaumiwa na mtu, wewe utabaki wangu."

"Utaweza? Mbele yao wote?"

"Kikombe kimoja, Sundus. Funda moja."

Akaweka mkono wake juu ya kaunta, karibu na wangu. Kati yetu palikuwa na boksi la vidonge vya kichwa, wala hakunigusa, lakini nilihisi joto lake kama nimeshikwa. Alinitazama bila kupepesa. Nilimwamini. Alipotoka nilikuwa nimejaa furaha kiasi kwamba mteja aliyefuata nilimpa pamba bure.

*

Walikuja Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Magari yalijaza mtaa mpaka kwenye kinu cha mchele, na wanaume wakaingia mmoja mmoja wakivua viatu, majoho yao ya hudhurungi yakipeperuka, sauti za salamu zikijaza nyumba. Sisi wanawake tulikuwa jikoni. Umeme ulikuwa umekatika.

"Hata umeme wake leo hautaki kumwona," mama mdogo Bahija akasema, anajipepea na kifuniko cha sufuria. "Angalau angetuwashia feni, tusikie vizuri anavyotuaibisha."

"Nyamaza, Bahija," mama akasema. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekunja uso. "Mtu yule mama yake alikula klecha zangu."

"Na dada zake wakafunga nyingine kwenye leso. Niliwaona."

Sikuwaambia habari ya kikombe. Nilikuwa nimemwambia baba tu, asubuhi, nikimwekea chai: "Baba, wakileta ombi lao, usijibu haraka." Akaniuliza kwa nini. "Mpe mgeni wako muda," nikasema. Baba alinitazama juu ya miwani yake, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari, akasema, "Sawa, mwanangu."

Nilichukua sinia la bilauri tupu ili niwe na sababu, nikaenda kusimama nyuma ya pazia la sebule. Kaka yangu Laith ndiye aliyekuwa anamimina kahawa, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Laith alikuwa amebandika picha za Muhannad mtaa mzima kwa mikono yake, hadi gundi ikamharibia kanzu ya sikukuu. Siku hiyo uso wake ulikuwa mgumu, anamimina bila kumtazama mtu. Kikombe kwa sheikh. Kikombe kwa Thamir, aliyekaa mwisho wa mstari ameinamisha macho, masikio mekundu. Kikombe kwa Muhannad, kwenye takia la mbele, katikati.

Wote wakaviweka chini.

Muhannad akaanza kusema. Alikuwa na sauti nzuri, Mungu anisamehe, sauti ya mahakamani, haiharakishi na haikatiki. Akamsifu Mtume. Akamsifu baba yangu aliyefundisha nusu ya wanaume waliokuwa pale kusoma na kuandika. Kisha akasema:

"Tumekuja kwako, Abu Laith, kuomba nuru ya nyumba yako. Binti aliyesoma akabaki na unyenyekevu, ambaye mkono wake unaponya kabla ya dawa kufanya kazi. Tungekuwa na cha kulinganisha naye tungekileta. Hatuna. Tumeleta mioyo yetu na majina yetu."

Niliyajua maneno yale. Alinisomea dukani mwaka jana, mvua ikinyesha na hakuna mteja, amesimama katikati ya rafu kama vile baba yangu ni ile mizani ya kupimia watoto. Aliniuliza, "Nikisema hivi siku yangu, mzee atakubali?" Nami nikamwambia mzee atakubali kabla hujamaliza. Alikuwa ameyatunga kwa ajili yetu. Sasa ameyaleta kama yalivyo, akabadilisha jina la bwana harusi tu.

Lakini nikajituliza. Maneno ni maneno, nikajiambia. Kikombe bado.

Alipomaliza, wote wakamgeukia baba. Baba hakujibu. Aliteremsha punje moja ya tasbihi, kisha nyingine. Wanaume wakaanza kukohoa. Baba akatengeneza takia lake. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona baba yangu akiwa mkaidi mbele ya watu, na nilijua anafanya hivyo kwa sababu yangu.

Laith akasogea hadi kwenye pazia, mgongo kwangu. "Ameinua," akanong'ona. "Anafanya nini huyu? Ameinua kikombe."

Nikachungulia kwenye mwanya. Kikombe kilikuwa kwenye vidole vya Muhannad, kimefika kifuani, kimefika kidevuni. Kunywa, nikasema moyoni. Kunywa, mpenzi wangu. Funda moja.

Sheikh Dakhil akageuza kichwa. Hakukasirika, wala hakupandisha sauti.

"Mheshimiwa," akasema. "Kuna neno?"

Mpaka siku ile sheikh alikuwa akimwita bwana wakili. Wote walikuwa wakimwita bwana wakili. Niliona lile jina jipya linavyomwingia Muhannad, linavyomnyoosha mgongo. Akatabasamu kidogo, tabasamu la ukutani. Akakishusha kikombe, akakirudisha mahali pake polepole, bila kumwaga hata tone.

"Ndiyo, sheikh, nilitaka kuongeza neno," akasema. "Nataka Abu Laith ajue kwamba Thamir ni ndugu yangu. Na mimi mwenyewe, mbele yenu, ni mdhamini wa raha ya binti huyu katika nyumba yenu."

"Mungu akulinde, mheshimiwa," wakasema wanaume.

Sikulia. Niliweka sinia chini, nikarudi jikoni, nikasimama mbele ya jiko. Mama akauliza kuna nini. Tukasikia sauti ya baba kule sebuleni: "Niruhusuni nikamuulize mwenye jambo."

"Tangu lini binti anaulizwa mbele ya wageni?" mmoja akanguruma.

"Tangu nilipomsomesha," baba akasema.

Akaja jikoni akiburuta ndara zake. Alifunga mlango. Alionekana mdogo, amechoka, jasho kwenye nyusi.

"Haya, mwanangu. Nimempa muda mgeni. Muda umekwisha."

"Sema hapana, baba."

"Ya Allah!" mama akasema. "Sebule nzima ya wanaume!"

"Nawaona, mama Laith, mimi ndiye niliyekaa nao." Akanigeukia. "Thamir hana kosa. Ni kijana mwenye adabu. Umefikiri?"

"Thamir simkatai yeye. Nakataa kutolewa na mdomo ule. Nikiolewa kwa maneno yale, nitayasikia maisha yangu yote."

Baba akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu. Ndipo akauliza lile ambalo hakuna mtu mwingine angeuliza. "Na yule mwingine? Akija kesho, peke yake, kwa ajili yake mwenyewe, nimwambie nini?"

Mama mdogo Bahija aliacha kujipepea. Nilitaka kusema. Badala yake nilichukua dele dogo lililobaki jikoni, nikachukua kikombe kimoja safi, nikamimina kwa mkono wangu.

"Mpelekee hii," nikasema. "Mwambie ameimimina mwenye jambo. Ombi limekwisha kujibiwa, hakuna kinachomzuia kunywa."

Baba alitazama kikombe, akanitazama mimi, na nikaona amenielewa kabisa. Akanibusu kichwani.

"Anaogopa nini kijana yule?" akasema, kama anajiuliza mwenyewe, akaenda.

Nikamfuata hadi kwenye pazia. Hakuketi. Alisimama katikati ya sebule na ndara zake, kikombe mkononi, akawaambia kwamba amepewa heshima asiyoistahili, kwamba ukoo wao uko juu ya kichwa chake, na kwamba binti yake amesema hapana, naye hatamlazimisha. "Lawama iwe kwangu," akasema. "Mlango wangu mnaujua."

Sheikh Dakhil alisimama na joho lake, na sebule nzima ikasimama. Uso wake ulikuwa umeiva. Nilidhani atamtukana baba. Lakini Thamir, kutoka mwisho wa mstari, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, ni haki yake. Twende zetu." Na lile likamzuia mzee. Mpaka leo, nikimpa Thamir insulini ya mama yake, namwongezea sindano, na hatuongei kitu.

"Mheshimiwa," baba akasema. "Ngoja. Hiki ni chako. Kimemiminwa na mwenye jambo kwa mkono wake. Ombi limejibiwa, kunywa sasa ni halali."

Wanaume wote wakageuka kumtazama. Muhannad alikipokea. Nilimwona akitazama ndani ya kikombe kile, kisha akainua macho kwenye pazia, moja kwa moja, kama anajua nilipo. Macho yale yale. Nikangoja. Bado angeweza kukiweka chini. Bado angeweza kusema, mimi nina haja yangu, Abu Laith, na sitakunywa mpaka unikubalie. Kila mtu pale angeelewa. Sebule nzima ingesikia, na ningetoka nyuma ya pazia bila viatu.

Akanywa.

Alikunywa wakati kunywa hakukumgharimu kitu. Laith akaenda mbele yake na dele, akammiminia tena, kwa sababu kwetu anayemimina haachi mpaka mgeni amekitikisa kikombe kusema imetosha. Muhannad alikuwa amesahau kutikisa. Akanywa tena. Laith akamimina tena, kwa ukatili mtulivu, uso kwa uso, akanywa tena, mpaka mzee mmoja akamnong'oneza, "Tikisa, mheshimiwa, tikisa, utapasuka." Akakitikisa. Kuna waliocheka. Hata sheikh alilegea kidogo akacheka, akamshika bega wakatoka pamoja, na niliposikia mkono wa sheikh ukipiga lile bega nilijua kwamba kura zake ziko salama.

Magari yakaondoka. Jikoni tulirudishiwa vikombe vyote, vimejaa, kahawa imepoa, na kimoja kitupu. Mama alianza kuvimwaga kimya kimya. Mama mdogo Bahija alisema kahawa nzuri kama ile kumwagwa ni dhambi, akanywa viwili.

Laith akatoka nje. Tukasikia anakwangua ukuta kwa kisu, kwa hasira, karatasi zinachanika. Alikuwa amezibandika vizuri mno. Asubuhi yake nilipita nikaona jicho moja limebaki na nusu ya neno Haki.

Simu yangu ikatetemeka juu ya gunia la mchele. Nilijua ni nani. Nikaisoma nimesimama, mkono mmoja una povu.

"Umelimaliza kwa busara, jicho langu. Sheikh hana la kunilaumu, baba yako katoka na heshima, njia yetu iko wazi. Nivumilie kidogo tu. Uchaguzi ukipita, nakuja mwenyewe."

Nikaisoma tena. Hakukuwa na neno moja juu ya kikombe. Nadhani hata hakukumbuka kwamba aliahidi. Nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye jiko, na hapo ndipo machozi yalipokuja, mengi, ya miaka yote, na mama akaja akakaa kando yangu bila kuuliza.

Baadaye nikanyoosha mkono nikakichukua kile kikombe kitupu. Ukingoni palikuwa na alama ya mdomo wake. Kwa miaka yote ile alikuwa ananimiminia, nami napokea tu. Nikakishika juu ya simu ambayo bado ilikuwa inawaka, nikakitikisa kulia na kushoto, kama tunavyofanya.

"Unafanya nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Namjibu," nikasema, nikakitumbukiza kwenye maji.